Zamu ya Kavoi

Nakumbuka Jumamosi moja ya ile baridi ya mwezi wa saba, nilishuka garimoshi pale Thika nikaanza kutembea kwenda kwetu, upande wa mashariki, nikikata katikati ya mashamba ya mkonge. Mwanangu, wewe unaijua Thika ya magorofa na barabara pana. Thika ya ujana wangu, ukishayapa kisogo maduka, umebaki wewe na mkonge tu, mistari na mistari, na upepo ukipita kati yake unatoa mlio kama wa mtu anayenong'ona akiwa na meno machache. Mlio huo nilikuwa nimeuzoea. Lakini jioni hiyo nilisikia kingine: uzi wa upinde ukilia. Twaa! Nikatabasamu, kwa sababu nilijua ni Baba Mkubwa. Nikangoja mlio wa pili. Haukuja. Kilikuja kimya kirefu, cha kutosha mtu mwingine kuchukua mshale, kuvuta, kulenga na kuachilia. Kisha tena: twaa!

Hapo tabasamu likanitoka. Kimya kile nilikifahamu. Kilikuwa zamu ya Kavoi, na Kavoi tulikuwa tumemzika wakati wa mvua.

Ngoja nikueleze vizuri. Baba Mkubwa, mzee Ndunda, ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki. Sisi ni Wakamba, na kwetu mtoto wa kiume alikuwa anajua upinde kabla ya kujua jembe. Lakini sheria ya wanyama ilikuwa imetubana. Ukipatikana na nyama ya swala, unalala ndani. Basi wazee wetu, wakulima na watu wa kanisa, walibaki na upinde kama mchezo wa jioni. Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya hali ya hatari kutangazwa na mambo kuharibika. Walikuwa na robota la makapi ya mkonge yaliyokazwa kwa kamba, wameliegemeza kwenye kichuguu, katikati wamechora duara kwa makaa. Mishale ya mchezo haikutiwa sumu, ila ncha ni ncha, usiidharau.

Mzee Ndunda na mzee Kavoi walikuwa wa rika moja, walitahiriwa pamoja, na kwa miaka mingi walisimama pale jioni kwa jioni, huyu anapiga, yule anangoja. Walipozeeka macho yao hayakufika tena kwenye robota. Kwa hiyo mke wa Kavoi, Mama Mwende, akitoka kutafuta kuni alikuwa anapitia pale, anachomoa mishale, anawapigia kelele kutoka mbali: "Ya Kavoi yote katikati! Ya Baba Kyalo, mmoja pembeni!" Baba Kyalo ndiye Baba Mkubwa, kwa jina la kifungua mimba wake. Akisikia hivyo anacheka, lakini kicheko chenyewe hakimfiki tumboni. Kesho yake anavuta upinde kwa nguvu zaidi. Na upinde wenyewe ulikuwa wa ujana wake, mti mnene wa mkole, mzito, vijana wenzangu kadhaa walishindwa kuuvuta hadi sikioni.

Sasa Kavoi alikuwa amekufa. Nilipofika nyumbani jioni hiyo sikwenda moja kwa moja kwa Baba Mkubwa. Nilipita jikoni kumwamkia mkewe, Mama Kyalo. Alikuwa anakoroga uji, na hakuinua macho.

"Umepita pale?" akaniuliza.

"Nimesikia tu."

"Basi kesho asubuhi uende uone. Mimi sitasema kitu, wataniita mwendawazimu."

Nilikwenda alfajiri, umande bado uko kwenye majani. Mbwa wetu alinifuata hadi karibu na kichuguu, kisha akaketi na kukataa katakata. Nikaenda peke yangu. Mishale mitatu ya Baba Mkubwa ilikuwa katikati ya duara, imebanana kama vidole vya mtu aliyekunja mkono. Manyoya yake yamelowa. Nami jioni iliyopita nilikuwa nimemwona mzee akirudi nyumbani na mishale michache, akilalamika kwamba mitatu imemwasi na kupotelea kwenye mkonge, tena giza limeingia hawezi kuitafuta.

Nilisimama pale, mwanangu, nikahisi shingo yangu inakuwa baridi upande wa nyuma, kama mtu amefungua mlango. Kavoi ndiye aliyekuwa akipiga hivyo. Kila mtu alijua: mishale ya Kavoi hulala pamoja.

Habari ilikuwa imeenea kabla hata sijafika. Watu wa mkonge walianza kuzunguka njia ndefu. Watoto hawakuleta mbuzi huko tena. Mchungaji alikuja akaomba, akaenda, na asubuhi iliyofuata mshale uliopotea ukawa katikati. Aliyekuwa na furaha alikuwa mmoja tu, naye ni Baba Mkubwa. Alikuwa ameweka kigoda cha pili pale anaposimama. Anapiga mshale wake, anarudi hatua moja, anakaa kimya akitazama mbele, kichwa chake kikigeuka polepole, kufuata kitu kinachoruka hewani. Halafu anatikisa kichwa na kusema, "Vizuri," kisha anasogea tena. Niliona kwa macho yangu. Yule mzee hakuwa akifanya mchezo.

Wakati huohuo mwili wake ulikuwa unavunjika. Bega la kulia lilikuwa linalia akivuta, kaa!, kama kijiti kikavu, ukiwa karibu unasikia. Mkono ulivimba hadi kiwiko. Usiku hakuweza kulalia upande ule, na chakula alikuwa anakigusa tu. Daktari wa misheni alimwambia apumzike, akaitikia ndiyo daktari, asante daktari, na jioni akawa kwenye kigoda chake. Wahenga walisema mwili haujengwi kwa mti, unataka chakula na usingizi. Lakini mtu aliyekuwa hodari ndiye wa mwisho kuamini hilo.

Mama Kyalo aliniomba niseme naye. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nafanya kazi katika kiwanda cha shamba la kahawa kule Ruiru, nikijiona nimeshakuwa mtu mzima. Nikamwambia kwa adabu kwamba labda upinde upumzike kidogo, mpaka bega lipone.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliniangalia kama anayemhurumia mgonjwa.

"Kavoi amekufa na bado anapiga," akasema. "Mimi niliye hai ndiye niache?"

Wewe ungemjibu nini?

Nilirudi Ruiru. Na sasa sikiliza hapa vizuri, maana jambo lenyewe liko hapa. Binti wa marehemu Kavoi, yule Mwende, alikuwa ameolewa na mfanyakazi mwenzangu, tunakaa laini moja ya nyumba za wafanyakazi pale shambani. Juma lile alijifungua. Mama yake akaja kumkanda na kumpikia uji, na Jumapili, asubuhi ya ukungu mzito ambao hata miti ya kahawa ya jirani huioni, nilikwenda kumwona mtoto. Mama Mwende mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango. Nilikunywa uji wake. Nilimchotea maji. Alikuwa Ruiru tangu katikati ya juma, na hakuondoka hadi mtoto alipopata nguvu ya kunyonya vizuri.

Jumamosi iliyofuata nikarudi nyumbani. Mama Kyalo akanieleza kabla sijatua mzigo. Siku kadhaa hakukuwa na kitu kwenye robota, akadhani mambo yamekwisha. Lakini Jumapili ile, ukungu ulipoinuka, mshale mmoja ulikuwa katikati ya duara, umezama hadi karibu na manyoya. Baba Mkubwa alishindwa kuuchomoa. Ilibidi jirani apasue robota kwa panga. "Kwa nguvu gani?" Mama Kyalo akaniuliza. "Ni nani mwenye nguvu hizo hapa?"

Jioni hiyo niliamua kusimama na Baba Mkubwa. Nilisema moyoni, kama kuna kitu, kinione na mimi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mawingu bila rangi yoyote. Upepo ulikuwa umekufa, na mkonge umenyamaza. Mzee alipiga wa kwanza, ukaanguka mbele ya kichuguu. Akarudi hatua moja. Tukangoja zamu ya Kavoi. Nakuapia sijawahi kungoja kitu kirefu hivyo. Nilijikuta nami nakitazama kigoda kitupu, na nikaogopa kupumua kwa nguvu nisije nikamharibia mtu shabaha.

"Vizuri," akasema mzee, akasogea mbele.

Alivuta. Nikaona uso wake ukikunjamana, jasho likamtoka kwenye baridi ile, na mkono ulianza kutetemeka kuanzia bega hadi vidole. Bega likalia, kaa! Mshale ukatoka bila yeye kuuachilia. Ulikwenda kushoto, chini chini, ukaingia kwenye mkonge upande wa njia, na tukasikia umegonga kitu. Sauti kavu, fupi. Halafu kimya.

"Hicho si kichuguu," nikasema.

Mkonge ukatikisika. Majani yakaachana, na kitu kikatoka, kimeinama, kina nundu kubwa mgongoni, na katika nundu ile mshale umesimama wima, manyoya yake yakitetemeka. Kilikuwa kinakuja kwetu polepole, bila neno. Miguu yangu iligoma kukimbia, na hiyo ndiyo sababu pekee nilibaki pale. Baba Mkubwa aliangusha upinde. Nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Kavoi?"

Kitu kile kikafika, kikajinyoosha, kikafungua kamba kwenye paji la uso, na mzigo wa kuni ukaanguka chini kwa kishindo. Alikuwa Mama Mwende. Alikuwa amerudi kutoka Ruiru asubuhi hiyo na ameenda kutafuta kuni kama kawaida. Mshale ulikuwa umeingia kwenye gogo, usawa wa uti wa mgongo wake. Bila gogo lile tungekuwa na maziko mengine.

Aliuchomoa kwa mikono miwili akamnyooshea mzee.

"Baba Kyalo, shika mshale wako. Huu nimekuletea mkononi. Ile mingine niliichomeka mimi."

Mzee aliushika lakini hakuelewa. Hata mimi sikuelewa mara moja.

"Ile ya asubuhi," mama akasema. "Nikienda mtoni nilikuwa naiokota kwenye mkonge. Najua inapoangukia. Bega likichoka mshale huenda kushoto na chini, hata wa Kavoi ulikuwa unaenda huko. Miaka yake ya mwisho hakuna hata mmoja aliopiga katikati. Hata mmoja, Baba Kyalo. Nilikuwa naiokota, nawapa mgongo msione, naichomeka, kisha napiga kelele. Alikuwa anarudi nyumbani amefurahi na anakula. Nikasema uongo wa kumlisha mtu si dhambi. Usiku alikuwa analia na bega lake, namkanda, na kesho anavuta tena, kwa sababu wewe uko pale naye hawezi kukubali umshinde, yeye aonekane amechoka. Alipokufa, siku moja nikauona mshale wako kwenye mkonge. Mkono ukauokota wenyewe. Ukauchomeka wenyewe. Nikajiona nina mume tena, kwa muda ule mdogo. Ndipo nikashindwa kuacha."

Alilia hapo, na Baba Mkubwa akakaa kwenye kigoda. Lakini mwanangu, alikaa kwenye kile cha Kavoi. Nadhani hakujua.

Waliokuwa wakishindana miaka yote ile walikuwa wazee wawili wasioona, kila mmoja akimfuata mwenzake kwa uongo uleule. Kisha mzee akainua kichwa.

"Na ule wa Jumapili ya ukungu? Ule uliozama hadi manyoya?"

Mama Mwende akaacha kulia. "Jumapili gani? Mimi nilikuwa Ruiru kwa mtoto."

Mzee akanigeukia. Nikamwambia kweli: nilikunywa uji wake asubuhi hiyo. Hakuwa Thika.

Giza lilikuwa limeanza kuingia kati ya mistari ya mkonge, na sote watatu, bila kupatana, tulikuwa tunatazama upande wa robota. Mpaka leo sijui ni nani aliyepiga mshale ule. Nimeuliza wengi. Wengine wanasema kijana mpita njia. Kijana gani angepita pale, wakati watu wazima walikuwa wanazunguka? Sikuongezei, sikupunguzii. Ndivyo ilivyokuwa.

Baba Mkubwa aliinuka, akaokota upinde wake chini, akaupangusa mchanga.

"Aliyepiga siku ile anapiga vizuri kuliko mimi," akasema. "Nimemwachia uwanja wake. Mimi nitatafuta wangu."

Nilidhani amemaanisha ataacha. Hata Mama Kyalo alidhani hivyo, akashukuru Mungu usiku ule. Kumbe hatukumjua mtu wetu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alikaa wiki nzima nyumbani, Mama Kyalo akimkanda bega kwa mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto, na nilipokuja Jumamosi akanichukua mtoni. Tulikata mkole mwembamba, unaonyumbuka, akauchonga taratibu kwa siku kadhaa, akiujaribu, akipunguza, akiujaribu tena. Ukawa upinde mdogo, kama wa kijana anayeanza. Nilimwona akiuangalia kwa haya. Siku ya kwanza aliufunika kwa koti asije akaonekana nao njiani.

Kisha akalihamisha robota, mbali na njia ya watu, kwenye ukingo mrefu wa udongo ambapo mshale ukikosa unaingia kwenye udongo tu. Alitaka kusimama mbali kama zamani. Akapiga, haukufika. Akasogea. Haukufika. Akasogea tena, akisimama kila mara kama mtu anayeng'olewa jino, mpaka akafika mahali ambapo angeweza kuliona duara kwa macho yake mwenyewe. Hapo ndipo akakaa. Ndiyo, alikaa, kwenye kigoda, kwa sababu mgongo ulikuwa unachoka kusimama. Akaacha kuvuta hadi sikioni. Alivuta hadi kifuani tu. Akaacha jioni, akawa anapiga asubuhi jua likiwa nyuma yake, macho hayajachoka. Mishale michache, kisha anashusha mkono, anakunywa uji, anaongea habari za mvua. Bega likisema kitu hata kidogo, basi, siku hiyo imekwisha, hakuna kubishana.

Mama Mwende alikuwa akija kukaa pembeni ya uwanja kuangalia kama kuna mtu anakuja. Naye ndiye aliyekuwa anatangaza.

"Umekosa, Baba Kyalo!"

"Kiasi gani?"

"Sana!"

Na mzee anacheka, kicheko kinachoshuka mpaka tumboni. Alicheza mchezo ule hadi alipokufa, na hilo lilikuwa miaka mingi baadaye, kwa kikohozi, kitandani, amekula vizuri jana yake. Bega halikumliza tena usiku. Ule upinde mzito alinipa mimi. Niliuvuta miaka yangu, na ulipoanza kunishinda niliushusha mapema, nikajichongea upinde mdogo. Sikungoja kitu kitoke kwenye mkonge kuja kunifundisha.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii. Unachokipenda usikiache kwa sababu mwili umezeeka. Anayeacha yote huzeeka mara mbili. Lakini usikifanye kama ulivyokifanya ukiwa kijana. Kipunguze kikufae: punguza uzito, punguza umbali, kaa mahali ulipokuwa unasimama, chagua saa ambayo macho na viungo vyako vimeamka. Bega likilalamika lisikilize siku hiyohiyo. Hakikisha furaha yako haina mtu mwingine njiani. Usishindane na wafu, wala na yule uliyekuwa jana, kwa maana wote wawili hawachoki. Na ukimpenda mzee wako usimchomekee mishale. Mwambie amekosa, kisha msaidie kusogea karibu.

Mungu akupe siku nyingi, na katika siku hizo akupe viungo vinavyokubali kazi. Akupe mwenzi wa kukuambia ukweli bila kukuumiza, na sikio la kuusikia. Ukilala, ulale pande zote mbili bila maumivu. Na watakaokuita baba wakute mikono yako ingali inafanya kitu unachokipenda. Nenda kwa amani, mwanangu.